Kiungulia cha Mwonja Asali wa Itigi

Jumatatu, 8 Mei 1950

Nakufa. Naandika kwenye daftari la shule aliloliacha binti yangu Mosi alipoolewa, kurasa za nyuma, ambako hakuna masahihisho ya mwalimu. Atakayesoma baada ya mazishi ajue: mimi ni Kombo, mwonja asali wa ghala la Itigi. Mwaka wa kumi na tisa kazini. Ulimi huu umewahi kukataa asali ya jumbe.

Dalili: moto kifuani. Unaanzia chembe cha moyo, unapanda hadi kooni, unaniachia maji machachu mdomoni. Leo nimeonja madebe ishirini na sita, yote yakawa machachu. Nimemkatalia mzee mmoja aliyetembea siku tatu kutoka porini na punda wake. Mselemu, mpima mizani, akachovya kidole, akalamba, akaniuliza mbona asali ni tamu. Mbele ya watu! Tangu lini mpima mizani akawa na ulimi?

Ni moyo. Marehemu baba yangu naye alikufa ameshika kifua. (Alikuwa ameangukiwa na mzinga, lakini kifua alikishika.)

Johari sijamwambia. Mke wangu ana furaha yake mwezi huu na sitaki kuiharibu. Mosi, mtoto wetu wa pekee, ana mimba ya miezi minane, na kama ilivyo desturi mimba ya kwanza huja kujifunguliwa kwa mama. Johari amekipaka chumba chokaa mara mbili. Kuni zimefika dirishani. Jana nilimkuta ameketi humo peke yake, anatabasamu na ukuta.

Jumanne, 9 Mei

Nimekwenda zahanati kwa njia ya nyuma. Dresa ni Simeoni, kijana wa Kinyiramba, ana miwani na anazungumza polepole kama anayesoma tangazo la Bwana Shauri wa wilaya. Nikamwambia asinifiche, ni moyo. Akauliza kama maumivu yanakwenda mkononi. Hapana. Nikinyanyua debe je? Hapana. Natokwa jasho? Nikimwona Mselemu tu. Hilo hakuliandika.

Akataka kujua nala nini, saa ngapi, na nikishakula nafanya nini. Maswali ya kipolisi! Nikamjibu kiungwana. Asubuhi asali, na tumboni hamna kitu kingine. Mchana chai kavu, vikombe vinne. Jioni ugali wa uwele na mbuzi mwenye mafuta, pilipili ya kutosha, kisha kitandani hapohapo maana shibe ina usingizi wake. Ugoro? Kidogo. Mkebe mmoja kwa wiki. Mkanda? Mpya, wa kutoka Tabora, naufunga tundu la pili, ingawa tumbo linaomba la sita.

Akachukua kofia yangu, akaiangusha sakafuni makusudi, akaniambia niiokote. Nikainama. Loo! Moto wote ukahamia kooni, nikabaki nimeinama, machozi yananitoka. Dresa akasema moyo wangu mzima. Tumbo lina maji makali ya kusagia chakula, yanatakiwa kukaa chini, yangu yanapanda juu. Nina kiungulia.

Kiungulia! Ugonjwa wa wajawazito! Johari alikuwa nacho alipombeba Mosi, wanawake wakatabiri mtoto atakuwa na nywele nyingi, na kweli. Nilimsihi dresa anitafutie ugonjwa mwingine. Akakataa. Anasema huwapata hata wanaume, hata Wazungu. Sijawahi kusikia Mzungu akiungulia.

Masharti yake: nile kidogo kidogo, nisilale mpaka saa tatu zipite baada ya chakula, kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali, mkanda ulegezwe, mafuta na pilipili na ugoro vipungue, na nisionje asali kabla ya uji. Yaani niwe mtu mwingine. Dawa ipo, maji meupe kama chokaa, lakini chupa ni chache na hugawiwa Jumatano, siku ya wajawazito. Nije nikae kwenye foleni.

Jumatano, 10 Mei

Nimekaa. Benchi moja, wajawazito tisa, na mimi. Mama mmoja akajisogeza kunipa nafasi kwa huruma, kisha akaniuliza kama namsubiri mtu. Nikasema ndiyo. Hapo sikuwa nimepanga uongo wowote, naapa. Nilisema tu ndiyo.

Mara nani dirishani? Mselemu na baiskeli yake! Ameletwa na kidole alichokibana kwenye mizani. Akanisalimu, akaliangalia benchi kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudi kwangu. Nikaona kesho yangu yote ghalani. Nikasimama, nikamwendea Dorika, mama anayeandika majina, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani kwamba nimekuja kumchukulia dawa mke wangu, maana kiungulia kinamtesa na hawezi kutembea.

Dorika akaweka kalamu chini. Johari? Baada ya miaka ishirini? Akashika mikono yangu yote miwili. Akaniandikia jina la Johari kwa hati nzuri na kunipa chupa nzima niende nayo nyumbani, wakati wengine wananyweshwa kijiko hapohapo. Dresa alikuwa chumba cha ndani na mwenye uchungu, hakuona kitu.

Chupa nzima! Mselemu amenyamaza, siri imefichika, dawa ninayo. Sijui kwa nini watu husema mimi si mtu wa mipango.

Jumapili, 14 Mei

Dawa ni ya ajabu. Napiga mafunda mawili nyuma ya banda la kuku, moto unazimika. Ulimi umerudi. Jana nimeitambua asali iliyotiwa maji ya sukari kabla kifuniko hakijafunguka vizuri. Mselemu aliangalia pembeni.

Kitanda nimekiinua kwa matofali manne. Johari akauliza ni nini. Nikasema mchwa. Akauliza mchwa gani wanaopanda upande wa kichwa tu. Nikasema ndio tabia yao mwaka huu.

Mbuzi sijamwacha. Kwa nini nimwache wakati dawa ipo? Dresa aliyaweka masharti yale akidhani sitapata chupa.

Alhamisi, 18 Mei

Nyumba imejaa wanawake. Wanaleta ubuyu, maembe mabichi, na udongo mwekundu wa kichuguu uliokaushwa vizuri. Johari anapokea kila kitu kwa mikono miwili akidhani ni vya Mosi, maana ndivyo wajawazito wanavyotamani. Wao wanadhani ni vya Johari. Wanamwambia apumzike, asinyanyue ndoo. Anawaambia Mungu awabariki, kweli amechoka kwa maandalizi. Wanatazamana na kufurahi.

Nilikuwa nimekaa hapo nachonga mpini. Jasho jembamba. Lakini hakuna aliyelitaja neno lenyewe, kwa kuwa huku mimba changa haitajwi mbele ya mume. Adabu ni kitu kizuri sana. Nimepanga hivi: Mosi akishafika, watasahau.

Jumatatu, 22 Mei

Barua kutoka Singida, imeletwa na dereva wa lori la ghala. Imetoka kwa mkwe wangu Mzee Idrissa, muuza nguo, baba wa mume wa Mosi. Salamu nyingi, kila mtu hajambo. Kisha: wamesikia habari njema ya huku. Wanatupongeza. Ila kwa kuwa si mila mama na binti yake kubeba mimba pamoja chini ya paa moja, kwani mmoja wao huweza kudhurika, mke wake ameona Mosi ajifungulie Singida. Johari asijisumbue.

Nimeisoma mara tatu. Dereva wa lori! Dorika! Ningejua umbea unaenda kwa kasi hiyo ningeutumia kupeleka asali.

Johari hajui kusoma. Akaja anajifuta mikono, akakaa chini karibu na miguu yangu, akasema nisome polepole asipitwe na neno. Akafumba macho. Nikasoma. Salamu nilizisoma zilivyo. Yaliyofuata niliyatunga: barabara imeharibika, Mosi atachelewa siku chache. Akaniomba nirudie pale panapomtaja Mosi. Nikarudia, na mara ya pili sikukumbuka nilisema siku ngapi. Alifumbua macho.

Moto kifuani jioni yote. Dawa haikusaidia, na safari hii sidhani ni mbuzi.

Jumanne, 23 Mei

Nimepata njia ya kutoka. Nimwandikie Mzee Idrissa kwamba mimba ya Johari imetoka, basi, Mosi aje. Fupi, safi, hakuna wa kuulizwa. Niliandika mistari miwili.

Kisha nikakumbuka. Kabla ya Mosi, Johari ziliwahi kumtoka mimba mbili. Ya pili alikaa mwezi mzima hasemi. Mimi ndiye niliyekuwa nachota maji. Nimeichana karatasi na vipande nimevitia motoni, halafu nimekaa hapo mekoni mpaka Johari akaniuliza kama naumwa. Nikasema mchwa. Sijui kwa nini nilisema mchwa.

Jumatano, 24 Mei

Amejua. Alikwenda sokoni kununua mafuta ya kumkanda mtoto, akakutana na Dorika, na Dorika si mume, haoni haya. Akampongeza mbele ya wauza viazi, akamuuliza chupa ya kiungulia imemfaa, akamwambia pole kwamba Mosi hatakuja.

Johari hakupiga kelele. Alirudi, akatoa chupa kwenye banda la kuku (alikuwa anaijua siku zote, alidhani ni dawa ya kideri), akaiweka mezani. Akaitaka ile barua. Akaenda nayo kwa jirani Yunisi aliyesoma misheni, akasomewa, akarudi. Akasema watu walipokuwa wakimpongeza sokoni, kwa muda mdogo sana, kabla hajafikiri, alifurahi. Hilo ndilo lililomuuma. Kisha akasema:

“Kombo, ningejua tumbo lako litaninyang'anya mwanangu, ningelichemshia majani machungu tangu siku ya harusi.”

Nikamweleza yote. Moyo, kofia, benchi, Mselemu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu, kama kuna mtu aliyewahi kufa kwa kuchekwa na Mselemu. Kesho kutwa napanda lori kwenda Singida, nikaseme kweli kwa mdomo wangu. Nimeapa. Nimeshauri tumlaumu Dorika kwa kukosea jina. Johari akanikazia macho, nikaacha.

Ijumaa, 26 Mei

Singida. Naandika barazani kwa mkwe, wenyewe wamejipumzisha.

Nimefika saa nne, juu ya madebe ya asali, mifupa yote imehama. Mzee Idrissa amenipokea kwa heshima kubwa. Tatizo ni kwamba kuna mambo hayasemwi kwa mkwe. Tumbo halisemwi. Mimba haisemwi. Nami nimetumwa kuyasema yote mawili, na mkewe yuko nyuma ya pazia anasikiliza kila neno. Nikaanza na mvua. Nikapitia nyuki, punda, na bei ya nta. Mwishowe nikasema kule kwetu mgonjwa yupo, lakini si yule anayedhaniwa. Ni mimi. Kiungulia ni changu.

Mzee Idrissa akatikisa kichwa polepole, kwa huruma. Akasema anaelewa, mume mwema humsitiri mke wake. Lakini mwanaume kuungulia hajapata kusikia, na mila ni mila. Nikatoa barua niliyomwomba dresa Simeoni aniandikie jana. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema vijana wa siku hizi wanaandika chochote.

Nikamwona Mosi akipita uani na ndoo ndogo. Amenenepa, anatembea amejishika kiuno. Alipiga magoti akaniamkia shikamoo, na alipoinua uso nikaona amelia. Akauliza kwa sauti ya chini kama mama amemkasirikia, ndiyo maana hamtaki nyumbani. Mtu mzima kama mimi, nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Kikaletwa chakula. Pilau ya mafuta inayong'aa, nyama ya mbavu, pilipili ya kusaga. Dresa alinikataza. Lakini kukataa chakula cha mkwe siku ya kuomba radhi? Nikala kwa heshima. Nikaongezwa, nikala. Sahani ya tatu sikuongezwa, niliomba mwenyewe.

Jioni ileile

Imekwisha! Nilikuwa naaga. Nikashuka ngazi ya baraza, nikainama kufunga kamba za viatu. Mkanda tundu la pili, pilau sahani tatu. Kilichopanda sitakieleza kwa wino. Nilishika nguzo. Nilinguruma kama fahali. Nikakimbilia ukuta wa uani, mbele ya Mzee Idrissa, mbele ya wateja wake wawili, nikabaki hapo natema maji machachu na kupiga mbweu ambazo hata punda wa jirani aliziitikia.

Pazia likafunguka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mama mkwe wa Mosi akatokea, mwanamke mrefu, amezaa tisa, anajua anachokiona. Akanitazama tumboni, akanitazama usoni, akaniletea maji na udongo wa kichuguu kwenye kisahani. Kisha akamwambia mumewe:

“Basi Mosi aende kwa mama yake. Mwenye mimba ya Itigi nimemwona.”

Walicheka wote. Mosi alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikiwa bado nimeshika ukuta nikafurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Udongo niliula. Unasaidia kidogo.

Alhamisi, 1 Juni

Mosi amewasili kwa lori, mbele kwa dereva, na shangazi wa mumewe. Johari alitoka mbio bila viatu. Walishikana pale barabarani, matumbo yanawazuia kukaribiana vizuri, yaani tumbo la mmoja. Sikusogea. Nilibeba mizigo.

Ghalani habari ilishafika kabla ya lori. Mselemu ameniletea kigoda nisisimame sana. Amenishauri nisinyanyue debe kabla ya kumuuliza mkunga. Kila anayeleta asali anauliza mimi ni wa mwezi wa ngapi. Naendelea kuonja, kama mtu mwenye hekima.

Johari ndiye dresa wa nyumbani sasa. Uji kabla ya ghala. Chakula cha jioni jua likiwa bado juu. Ugoro kautupa chooni. Mkanda kanikatia tundu jipya kwa msumari wa moto. Siku sita bila moto kifuani hata mara moja. Inawezekana yule kijana wa Kinyiramba alikuwa anajua.

Jumatano, 14 Juni

Mosi amejifungua! Alfajiri, zahanati, mikononi mwa mkunga na mama yake akiwa kichwani pake. Msichana. Nywele tele. Johari alinipa nimshike, akasema huyu ndiye uliyetaka kumzuia njiani. Alikuwa anacheka na kulia. Nami nililia, bila vumbi. Nimeapa mbele ya mtoto yule: sitasema uongo tena kwa ajili ya tumbo langu. Alinitazama kwa jicho moja.

Saa nne tukachinja beberu. Sherehe ni sherehe. Mchuzi wenye mafuta yanayoelea, pilipili, na Yunisi aliniwekea figo mbili pembeni. Johari alikuwa zahanati. Nani wa kunihesabia?

Saa nane moto ukarudi. Moto mkubwa, wa kulipiza kisasi. Leo bahati nzuri Jumatano. Nikaenda zahanati kama babu anayekwenda kumwona mjukuu, nikapitia kwa Dorika. Lakini jina la Johari siwezi kulitumia tena, wala langu, mwenyewe yuko chumba cha pili na atajua nimekula mafuta! Nikamnong'oneza Dorika kwamba dawa si yangu, nimetumwa na Mselemu, mwenyewe anaona haya. Akaniuliza kama aandike ni ya nyumbani kwa Mselemu. Nikamwambia aandike anavyoona. Akatumbua macho, akaandika kwa hati nzuri sana, akanipa chupa nzima.

Safari hii nimetumia akili. Kosa la mwanzo lilikuwa kumtaja mwanamke wangu. Mselemu hana mke, kwa hiyo hakuna wa kusingiziwa mimba. Ndoa yake na binti mmoja wa Ikungi aliyemchumbia ni baada ya Idi, na wakwe zake ni watu wakali wa dini, wasiosikiliza umbea.